Vijana wa gitaa: tuwafukuze ao tuwasikilize?

Mpenzi msomaji, pengine nyumbani mwako kuna kijana anayelala na gitaa pembeni yake. Pengine umekwisha kumtupia maneno makali juu ya gitaa hiyo. Mimi pia nilitupa. Basi usisome ukurasa huu kama mtu anayehubiriwa, kwa sababu kosa ninalolisema humu ni langu kwanza.

Mwezi wa nane mwaka 2021, siku ya kazi moja asubuhi, wazee wawili wa kanisa walikuja kwangu hapa Kibumba. Hata kuketi hawakutaka. Mmoja akasema: "Pasta, batoto ba korali banapiga muziki ya dunia ku nyumba ya video. Siku ya posho banapiga tena. Bafukuzwe."

Nikauliza: "Wazee wangu, mlikwenda kuwasikia?"

Wakanyamaza. Mimi pia sikuwa nimekwenda. Lakini nilikuwa na sababu ya kutokimbilia kufukuza. Miaka mingi mbele ya hapo, nikiwa nimetoka shule ya Biblia na kichwa kimejaa moto, nilimfukuza kijana mpiga gitaa katika parokia nyingine kwa kosa hilo hilo. Alikwenda ku karie kuchimba. Jiwe likamvunja mkono wa kushoto, vidole viwili vikakatwa. Ukijua gitaa, unajua mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Hakunishitaki hata siku moja. Tukikutana hunisalimu vizuri, na hiyo ndiyo inaniumiza. Kwa hiyo nikawaambia wazee: mnipe mpaka siku ya posho, nitakwenda mimi mwenyewe.

Kibumba yetu

Kama unasoma gazeti hili kule Numbi, Walikale ao Kolwezi na hujafika kwetu, nikueleze. Kibumba iko kaskazini ya Goma kwa barabara ya Rutshuru, zaidi kidogo ya kilometa 20, kati ya volkano Nyiragongo na mlima Mikeno. Ni baridi, ukungu unaingia mpaka kitandani. Chini ni mawe ya lava, kwa hiyo maji hayakai. Tunakinga ya mvua. Lakini udongo ule mweusi unazaa kabichi na viazi, na kila asubuhi chukudu zinateremka Goma zikiwa zimebeba mzigo mkubwa kuliko mwenye kuziendesha.

Watu wa mbali wakisikia jina Kibumba wanafikiri mwaka 1994, wakati kambi ya wakimbizi wa Rwanda ilijaa hapa na kolera ikaua watu mpaka ikakosekana nafasi ya kuwazika, kwa kuwa mawe hayachimbiki. Nilikuwa mtoto wa miaka 13. Niliona, na sitaki kuandika zaidi. Nasema tu kwamba hakuna anayesikia jina Kibumba akafikiri muziki.

Nyumba ya video ni kibanda cha mbao chenye bati, sakafu ni changarawe ya lava. Siku za kazi wanaonyesha mpira na sinema. Siku ya posho ile waliondoa televisheni, wakapanga mabenchi ukutani. Muziki ulianza saa nane mchana, maana mwaka ule kulikuwa na katazo la kutembea usiku juu ya Korona, na hata pasipo katazo barabara yetu baada ya giza si ya kuchezea. Nililipa franka 500 kama wengine. Kijana wa mlangoni aliponiona alitaka kunirudishia. Nikakataa. Pasta anayeingia bure hawezi kusema kitu baadaye.

Walikuwa watano, wanne wavulana na msichana mmoja anayeimba. Gitaa ya besi ilichongwa kwa ubao, nyuzi zake ni kamba za breki za pikipiki, na chini ya nyuzi waliweka sumaku zilizotolewa katika redio zilizokufa. Usicheke. Kule Kinshasa kundi la Konono No 1 lilifanya vile vile na likembe, wakatumia sumaku za vyuma vya magari, na sauti hiyo ikafika Ulaya na Marekani. Ngoma kubwa ya batri ilikuwa pipa na ngozi ya mbuzi. Kinanda kidogo kilikuwa cha kweli, kimenunuliwa kwa pesa za kabichi za mama wa mmoja wao. Na aliyetengeneza ampli, aliyeketi pembeni akigeuza vifungo, ni yule mtu wangu wa vidole vitatu. Sikujua kwamba amehamia kwetu. Akanipungia mkono ule ule.

Ni muziki gani huo?

Wazee waliniambia "muziki ya dunia". Vijana wenyewe wanasema ni popu na fanki. Popu unaijua: wimbo mfupi, kiitikio kinachoshika kichwa, kila mtu anaimba baada ya kusikia mara mbili. Fanki inahitaji maneno kidogo. Ukiona mama wawili wanatwanga sombe katika kinu kimoja, kila mmoja anajua wakati wake, na wakikosea watagonganisha mchi. Fanki iko vile. Gitaa haiimbi, inagonga. Besi inagonga. Kinanda kinagonga. Kila chombo kimekuwa ngoma, na wote wanaangukia pamoja kwenye pigo la kwanza. Mwalimu mkubwa wa jambo hili alikuwa Mmarekani mweusi James Brown, na yeye aliwasisitizia wapigaji wake pigo hilo la kwanza kuliko yote.

Na alifika kwetu! Mwezi wa tisa mwaka 1974, mbele ya pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, kulikuwa na siku tatu za muziki katika stade ya Kinshasa. James Brown alikuwepo, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz, pamoja na Franco na Tabu Ley wa kwetu. Baba zetu wadogo wakafuga nywele na kuvaa suruali pana chini. Mbele ya hapo, mwaka 1969, vijana wa Zaïko Langa Langa walikuwa wamekwisha kuacha tarumbeta za wakubwa, wakabaki na gitaa na ngoma. Wazee wa wakati ule nao walisema hiyo si muziki, ni makelele. Leo muziki huo unapigwa katika arusi za wakristo na wazee hao hao wanacheza. Mimi nimewaona.

Vijana wa Kibumba walipata fanki katika kaseti za mjomba wa mpiga besi, kisha katika simu. Lakini nyimbo walizopiga siku ile ni zao. Mmoja ulikuwa juu ya bei ya kabichi ku soko Virunga: namna mnunuzi anaishika, anaigeuza, anaitukana, halafu anainunua. Watu walicheka mpaka kuinama. Mwingine ulikuwa juu ya msichana anayekosa masomo kwa kutafuta maji. Nilitafuta uchafu ndani yake, msomaji, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Nikapata aibu yangu tu.

Jiwe la pesa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katikati ya muziki aliingia mnunuzi wa koltani, mtu anayejulikana, na wenzake kama kumi na tano. Wakaagiza kinywaji. Baadaye akamwita mwimbaji, akaweka dola 50 mezani. Alitaka jina lake liimbwe katika wimbo unaofuata.

Ninyi mnajua desturi hiyo. Kinshasa wanaiita kutupa libanga, na libanga kwa Kilingala ni jiwe. Kuna wanamuziki wakubwa ambao katika wimbo mmoja wanataja majina ya watu makumi, na kila jina limelipiwa. Sitaki kuwahukumu haraka. Kanda zinaigwa bila malipo, serikali haisaidii, mwenye pesa ndiye analisha bendi. Hata sisi wachungaji, nani kati yetu hajamtaja kwa sauti kubwa yule aliyetoa mabati ya kanisa?

Lakini wimbo uliokuwa unafuata ulikuwa juu ya kaka ya mwimbaji, aliyefukiwa na udongo katika shimo la Rubaya na hakutolewa. Wale watano wakatoka nyuma ya kibanda. Nilikuwa nimeketi karibu na ukuta wa mbao, nilisikia yote.

Mpiga ngoma alisema: "Miye niko na mutoto. Dola makumi tano, tunagawa makumi makumi. Jina ni jina tu."

Msichana akajibu pole pole: "Yaya, haiwezekani. Haiwezekani mu ile wimbo."

"Basi tuimbe ingine."

"Tulisema tutaimba ile."

Kimya kikawa kirefu. Kisha mpiga besi akasema waitike kwa kura. Watatu wakakataa pesa, wawili wakakubali. Wakarudi. Msichana alimrudishia yule baba pesa zake kwa mikono miwili, kwa heshima, akimwambia kwamba atamwimbia siku nyingine lakini wimbo huu una mwenyewe. Yeye hakutukana. Alisimama tu, na watu wake wakasimama, wakatoka. Kibanda kikabaki na nafasi kubwa katikati. Waliimba wimbo ule mbele ya nafasi hiyo. Mama mmoja nyuma yangu alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni nilikaa nao wakihesabu, na nimeomba ruhusa ya kuandika hesabu hii ili mzazi ajue. Waliingia watu 140 kwa franka 500: ni franka 70 000, wakati ule kama dola 35. Mabafle na miksa walikodi Goma kwa 30 000. Mafuta ya grupu 10 000. Mwenye kibanda 10 000, na yeye ndiye anayekula faida ya vinywaji. Kupandisha vyombo katika Fuso iliyokuwa inakuja kuchukua kabichi 4 000, kuteremsha kwa chukudu 2 000. Ikabaki 14 000. Kila mmoja alipata 2 800. Kwa juma mbili za mazoezi! Mpiga ngoma alihesabu zake mara mbili, akazitia mfukoni pasipo kusema kitu. Juma lililofuata alikwenda Rubaya.

Nimeliza swali hili mbele ya Mungu mara nyingi: je, walikosea kukataa? Sijui kama nina haki ya kujibu, mimi ambaye mshahara wangu unatoka katika sadaka, na sadaka ya Kibumba na ya Masisi haiulizwi imetoka shimo gani.

Wengine waliopita njia hiyo

Msidhani kwamba gitaa na mgodi vilikutana kwa mara ya kwanza kwetu. Mwaka 1952, katika barabara za Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, mzungu Hugh Tracey alimkuta kijana Jean-Bosco Mwenda anatembea na gitaa yake, akamnasa sauti. "Masanga" yake ilizunguka dunia, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa vidole vyake. Ile ilikuwa miji ya shaba, na muziki ule uliota kati ya wafanyakazi wa shaba.

Ng'ambo ya mpaka, Zambia, katika miji ya shaba vile vile, miaka ya 1970 vijana walichanganya roki, fanki na nyimbo za nyumbani. Kundi lililojulikana zaidi liliitwa WITCH. Jina hilo maana yake ni mchawi, lakini wao walisema ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wanakusudia kuleta fujo. (Ningekuwa pasta wao ningefunga juma zima!) Mwimbaji wao, Emanyeo Chanda aitwaye Jagari, alijaza makumbi. Wakati vita ya Rhodesia ilileta katazo la usiku, wakapiga mchana, saa ya chai, kama vijana wetu. Kisha bei ya shaba ikaanguka, kanda zikaigwa, pesa ikaisha. Jagari akaacha kundi mwaka 1977. Baadaye aliokoka, na kwa miaka akawa mchimbaji wa mawe ya thamani. Wenzake wa kwanza wakafa, wengi kwa SIDA. Akabaki peke yake. Mwaka 2019 ikatoka sinema juu ya maisha yake, na mwaka 2023, mzee sasa, akatoa albamu mpya iitwayo "Zango" pamoja na vijana. Mkristo, mchimbaji, mwimbaji wa fanki: mtu mmoja. Wale wazee wangu wawili nilipowasimulia habari hii walikaa kimya tena.

Na karibu kabisa, hapa Goma. Innoss'B, aliyezaliwa mwaka 1997, alianza na ndugu zake wa tumbo moja. Mwaka 2010, akiwa na miaka 13, alishinda shindano la waimbaji la nchi nzima, na mwaka 2019 "Yope" yake pamoja na Diamond Platnumz ilisikika mpaka katika basi za Mombasa. Lakini si kila mtoto atakuwa Innoss'B. Kwa wengine kumekuwa na nyumba ndogo za kujifunzia. Foyer culturel ilifundisha vijana kushika vyombo. Yole!Africa, iliyoanzishwa na Petna Ndaliko mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwapa muziki, dansi na sinema. Festival Amani ilikuwa ianze mwaka 2013, vita ikairudisha nyuma; ikafanyika mwezi wa pili 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, kiingilio dola moja kwa siku, na makundi madogo ya kwetu yakapanda jukwaa moja na wakubwa wa nje. Mwaka 2021 Korona iliifunga.

Kazi hii ina hatari pia, nisikufiche. Katikati ya mwezi wa pili 2025 mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi Goma. Alikuwa mtu wa maneno makali. Mzazi anayeogopa haogopi bure.

Kama mtoto wako anapiga

Nenda umsikie. Lipa kiingilio. Muulize nani anashika pesa, na hesabu iandikwe katika daftari, si kichwani. Nyimbo zao ziandikwe tarehe na jina la aliyetunga, kwa kuwa ndugu hugombana siku wimbo unapopendwa, na kupeleka kazi SOCODA, shirika la haki za watunzi wa Kongo, kunahitaji kwanza wao wenyewe kukubaliana nani alitunga nini. Kama studio ya Goma ni ghali, simu nzuri katika chumba chenye blanketi ukutani inatosha kwa kuanza. Masomo yasiachwe. Na pombe, ndiyo, pombe iko pale, sikuiona kwa macho ya malaika; nyumba ya video inaishi kwa chupa. Kwa hiyo niliwaomba wapige siku moja moja katika ukumbi wa shule, na mkurugenzi akakubali.

Korali sikuwafukuza. Mzee mmoja kati ya wale wawili hakunisalimu miezi minne. Mwingine alikuja na wajukuu wake siku ile ya shule, akaketi mbele.

Baada ya hapo

Novemba 2022 vita ilitufikia. Tulikimbilia Kanyaruchinya, maelfu na maelfu, katika vibanda vya maturubai juu ya lava. Kinanda kilipotea njiani. Besi iliteremka juu ya chukudu, imefungwa ndani ya godoro, pamoja na nyanya wa mpiga besi. Kule kambini walipiga pasipo umeme, besi ikasikika kama mbu, na pipa likawa bidon ya maji ambayo saa kumi na moja ilirudi kuwa bidon ya maji. Watoto walicheza.

Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Mwezi wa pili kambi zikavunjwa, tukarudi Kibumba. Nyumba ya video ilikuwa imebaki nguzo nne. Mabati yalikwenda, hata misumari.

Wamebaki watatu: msichana, mpiga besi, na fundi wangu wa vidole vitatu. Mpiga ngoma bado yuko Rubaya. Lakini juma zote mbili hivi anatuma sauti kwa simu: ametega simu juu ya jiwe, anapiga beseni na mti, dakika nne, pigo la kwanza likianguka pale pale linapotakiwa. Nyuma unasikia watu wanachimba. Wenzake wanaunganisha simu ile na ampli, wanapiga juu yake. Fundi alinieleza kwamba ndani ya simu kuna chuma kinachoitwa tantali, kinachotoka katika koltani, na kwamba labda mpiga ngoma amechimba kipande cha simu inayoleta ngoma yake. Hakucheka aliposema hivyo.

Siku ya posho ya mwisho wa mwezi watapiga tena, saa nane, katika ukumbi wa shule. Kiingilio ni franka 500. Asiye na franka alete kabichi moja, lakini iwe nzima.